Dhariba ya ada za skuli Uingereza: nani hasa anailipa?

Wengi wetu huku Ghuba tuna mguu mmoja Uingereza. Ama tuna ndugu waliohamia huko baada ya 1964, ama mtoto wa ndugu kazaliwa huko, ama sisi wenyewe tumempeleka kijana bweni tukiamini kwamba elimu ya Kiingereza ni akiba. Ndiyo maana dhariba iliyowekwa London juu ya ada za skuli binafsi imekuwa mazungumzo ya barza zetu za Maskati na Dubai. Nimeyasikia mara nyingi, na karibu kila mara husemwa mambo mawili. Mmoja atasema: hiyo ni dhariba ya matajiri, waache walipe. Mwengine atasema: hao Labour wana wivu tu, hawataki mtoto wa mtu apande.

Maneno yote mawili yanampita mtoto ninayetaka kumzungumzia leo. Huyu ni mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye wazee wake si matajiri, wala hawakumpeleka skuli ya kulipia kwa sababu ya jina lake wala koti lake. Walimpeleka kwa sababu skuli ya serikali ilimshinda, au yeye ilimshinda.

Tuanze na lililotokea. Chama cha Labour kilishinda uchaguzi Julai 4, 2024. Julai 29 mwaka huo huo waziri wa fedha, Rachel Reeves, alitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025 ada za skuli binafsi zitatozwa VAT ya asilimia 20, masomo na bweni pamoja. Waliofikiri watakimbilia kulipa mapema walifungiwa mlango siku ile ile: ada yoyote iliyolipwa kuanzia Julai 29 kwa ajili ya mihula ya Januari na kuendelea nayo imo. Bajeti ya Oktoba 30 ikathibitisha, na sheria ikakamilika Machi 2025. Watoto walioko nje ambao wazee wao wanalipa kutoka Ghuba hawakuachwa. Mwenye mtoto bweni anatozwa sawasawa na jirani wa skuli yenyewe.

Kwa hesabu ya kawaida, skuli ya kutwa inayotoza pauni 18,000 kwa mwaka, VAT kamili juu yake ni pauni 3,600. Kwa pesa zetu ni kama rial 1,800. Si kila skuli iliyopandisha ada kwa asilimia 20 kamili. Skuli inayotoza VAT inaruhusiwa kurejeshewa VAT iliyolipa yenyewe kwenye ununuzi na majengo, na nyengine zimebeba sehemu ya mzigo ili zisipoteze wanafunzi. Serikali ilikadiria kwamba kwa wastani ada zitapanda kama asilimia 10. Lakini wastani haupeleki bili nyumbani kwa mtu. Skuli kubwa yenye viwanja vya michezo na akiba ya karne mbili ina pa kupunguza. Skuli ndogo ya watoto 80 ambayo kila kitu chake ni mishahara ya walimu haina, kwa sababu mishahara haina VAT ya kurejeshewa. Na skuli za watoto wenye mahitaji maalumu ndivyo zilivyo hasa: walimu wengi, watoto wachache.

Kabla ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya hili lisingewezekana, kwani sheria ya VAT ya Umoja huo inaitaka nchi mwanachama iisamehe elimu. Ugiriki ilijaribu mwaka 2015 kuweka asilimia 23 juu ya skuli binafsi, na haikuchukua muda ikarudi nyuma. Kwa hivyo Uingereza ni nchi inayopita njia ambayo majirani zake hawaipiti, na tunaotizama kutoka mbali tuna haki ya kuuliza imepitaje.

Sasa tufike kwa mtoto wetu. Serikali haikumsahau kabisa. Huko England kuna waraka unaoitwa mpango wa elimu, afya na matunzo, maarufu kwa herufi zake EHCP, uliowekwa na sheria ya 2014. Mtoto mwenye mahitaji makubwa hupimwa na halmashauri ya anapoishi, na akistahiki huandikiwa mpango wenye nguvu ya sheria unaosema anahitaji nini na atasoma wapi. Mpango ukitaja skuli binafsi kwa jina, halmashauri ndiyo inayolipa ada, na VAT inayolipa inarejeshewa na serikali kuu. Mzazi hagusi kitu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina nyaraka zao zenye majina mengine, lakini mantiki ni ile ile.

Tizama vizuri mlango ulivyojengwa. Anayesalimika na dhariba si mtoto mwenye mahitaji maalumu, ni mtoto ambaye bili yake inalipwa na serikali. Mtoto mwenye usonji asiye na mpango, anatozwa. Mwenye mpango ambao umetaja skuli ya serikali lakini wazee wakaona haimfai wakampeleka kwengine kwa pesa zao, anatozwa. Hata skuli iwe ya watoto wenye mahitaji maalumu peke yao, mzazi anayelipa mfukoni mwake anatozwa. Baraza la skuli binafsi la Uingereza linahesabu watoto zaidi ya 100,000 wenye mahitaji maalumu katika skuli zake ambao hawana EHCP. Hao ndio ninaowaita watu wa katikati: hawana unafuu wa serikali, na hawana utajiri wa kutoiona dhariba.

Katika ukoo wetu tunaye mmoja. Ni mjukuu wa dada yangu, yuko mji mmoja wa kusini mwa Uingereza, ana usonji. Katika darasa la watoto 30 alikuwa akiingia chini ya meza na kuziba masikio, na mama yake, ambaye ni muuguzi, akipigiwa simu kazini aje amchukue, mara mbili tatu kwa wiki. Baba yake ni dereva wa basi. Waliuza kiwanja chao cha Fuoni, wakampeleka skuli ndogo yenye watoto 12 darasani. Mwaka wa kwanza akaanza kusoma. Pesa za kiwanja zikaisha, kama pesa za kiwanja zinavyoisha, na tangu hapo bibi yake aliyeko Seeb anatuma kila muhula. VAT ilipokuja, dada yangu akaongeza. Sasa mtu akiniambia kwenye barza kwamba hiyo ni dhariba ya matajiri wa Uingereza, namwambia sehemu yake inalipwa Seeb, na mwanamke mmoja anayeishi kwa pensheni.

Je, hawakuomba mpango? Waliomba, kabla dhariba haijatajwa. Halmashauri yao ilikataa hata kumpima, ikisema maendeleo yake darasani si mabaya. Naam, si mabaya, kwa sababu yuko skuli wanayoilipia. Wakakata rufaa, na tarehe ya kusikilizwa ikapangwa mbali.

Hilo si la kwao peke yao. Sheria inaipa halmashauri wiki 20 kutoka siku ya maombi mpaka mpango kutolewa. Mwaka 2023 karibu nusu ya mipango mipya ilitoka ndani ya muda huo, na mwaka 2024 ikawa chini ya nusu. Kwa maneno mengine, serikali inavunja muda wake yenyewe mara nyingi zaidi kuliko inavyoutimiza. Wazee wanaoshindana nayo mpaka mwisho mbele ya baraza la rufaa hushinda, ama kwa jambo zima ama kwa sehemu, katika kesi zaidi ya 95 kwa kila 100 zinazotolewa hukumu. Mtu akishindwa kesi kwa kiwango hicho mwaka baada ya mwaka, tatizo si wale wanaomshitaki. Lakini kushinda kunataka muda, ripoti za wataalamu, na mara nyengine wakili, na muda wote huo bili ya skuli inakuja na VAT yake.

Nisije nikaonekana nimeegemea upande mmoja. Hoja ya serikali ina uzito, na kwenye barza zetu haisemwi inavyostahiki. Watoto wa skuli binafsi Uingereza ni kama 7 katika kila 100. Watoto wenye mahitaji maalumu huko England wanapita milioni 1.6, na wengi mno wao wako skuli za serikali, ambako wazee wao hawana kiwanja cha kuuza wala bibi wa Seeb. Serikali ilikadiria kukusanya kama pauni bilioni 1.5 katika mwaka wa fedha 2025/26 na zaidi ya hapo baadaye, na kuajiri walimu wapya 6,500. Bajeti ile ile ya Oktoba 2024 iliongeza pauni bilioni 1 kwa ajili ya elimu ya mahitaji maalumu. Mtoto wa muuguzi mwengine, aliyebaki katika darasa la watoto 30, naye ni mtoto, na wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kwetu kuuona mzigo wa mjukuu wetu tukasahau wa yule asiye na mtu Maskati.

Kwa hivyo sisemi kwamba kutoza VAT ada za skuli binafsi ni dhulma. Nchi inaweza kuamua hivyo. Ninachokisema ni chembamba zaidi: serikali iliweka ufunguo wa unafuu ndani ya waraka ambao yenyewe ndiyo inayouchelewesha, kisha ikamtoza mzazi kwa kukosa waraka huo.

Suala lilifika Mahakama Kuu ya London. Skuli, wazee na watoto, wakiwemo watoto wenye mahitaji maalumu, walidai kwamba dhariba inakiuka haki za binadamu. Kesi ilisikilizwa Aprili 2025 na hukumu ikatolewa Juni 13. Walishindwa. Mahakama haikusema kwamba hakuna atakayeumia. Ilisema kwamba mambo ya dhariba na kugawa mali ya umma ni ya Bunge, na Bunge lina uwanja mpana wa kuamua. Nimeisoma hukumu ile kama mtu asiye mwanasheria, na sikushangazwa. Mahakama inaulizwa kama sheria imevuka mpaka, haiulizwi kama sheria ni nzuri.

Hoja moja ya serikali ilikuwa kwamba kuwasamehe watoto wote wenye mahitaji maalumu haiwezekani, kwani mpaka wake haushikiki: leo kila mzazi ataleta karatasi ya daktari kwamba mwanawe ana disleksia kidogo. Kuna ukweli ndani yake. Pesa zikiwa mezani, maradhi huongezeka. Lakini ipo njia ya katikati ambayo haitaki ufafanuzi mpya wa ulemavu wala daktari mpya. Wiki 20 tayari zimo katika sheria. Halmashauri ikipitisha wiki 20 bila jibu, VAT ya mtoto huyo ingesimama mpaka jibu litoke. Na mzazi akishinda rufaa, angerejeshewa VAT aliyolipa tangu siku alipokataliwa kwa makosa. Hapo gharama ya kuchelewa ingeangukia kwa anayechelewesha. Sijaona jibu la maana la kwa nini hili halikufanywa, isipokuwa kwamba hazina zote duniani hupenda pesa zinazoingia kuliko zinazorejeshwa.

Msomaji wa Ghuba atasema: haya ni ya Uingereza, sisi ada zetu hazina VAT. Ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini ingia ndani kidogo.

Nchi zetu hazikufanya jambo moja. Kuwait na Qatar hazina VAT mpaka leo. Imarati na Bahrain, ambako VAT ni asilimia 5 na 10, ziliiweka elimu ya skuli katika kiwango cha sifuri. Saudia, ambako ni asilimia 15 tangu Julai 2020, inatoza elimu binafsi, ila dola inambebea raia wake, mgeni anajilipia. Oman, iliyoanza na asilimia 5 Aprili 2021, iliisamehe elimu. Kusamehewa na kuwa na kiwango cha sifuri ni maneno yanayofanana masikioni lakini mfukoni si mamoja. Skuli yenye kiwango cha sifuri inarejeshewa VAT iliyolipa kwenye umeme, vifaa na matengenezo. Skuli iliyosamehewa hairejeshewi, basi huiingiza kimyakimya ndani ya ada. Mzazi wa Maskati haoni mstari wa VAT kwenye bili yake, lakini kidogo yake kimo.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kwa mtoto mwenye mahitaji maalumu, ada ya skuli si gharama yake. Ni mwanzo wa gharama. Wazee wa Muscat na Dubai wanaijua orodha hii kwa moyo: msaidizi anayekaa na mtoto darasani, ambaye skuli nyingi zinamtaka mzazi amlipe mwenyewe juu ya ada, tiba ya kusema, tiba ya viungo, vipimo vya mtaalamu wa saikolojia ambavyo skuli inataka vipya kila baada ya muda, na kompyuta ya kumsaidia asiyeweza kushika kalamu. Najua nyumba ambazo msaidizi wa darasani peke yake anakaribia ada yenyewe. Na sheria za VAT hutizama kila kitu mbali mbali. Dubai ada ni sifuri, lakini sare ya skuli ina asilimia 5, na safari ya matembezi ina asilimia 5, na kompyuta ina asilimia 5. Mtunga sheria aliisamehe skuli, hakumsamehe mtoto. Kwa mtoto wa kawaida tafauti hiyo ni ya chai. Kwa mtoto huyu ni tafauti ya kweli, kwa sababu nusu ya elimu yake iko nje ya bili ya skuli.

Kuna msaada, na lazima utajwe. Mwomani ana skuli za serikali bila ada, na taasisi kama Skuli ya Al Amal kwa viziwi na Taasisi ya Omar bin Al Khattab kwa wasioona zimelea vizazi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 2023 imempa mwenye ulemavu rial 130 kwa mwezi na kila mtoto rial 10. Kwa nyumba nyingi hizo 130 zimekuwa pumzi. Lakini ni za raia. Mtanzania, Mkenya au Mkomoro anayefanya kazi hapa na ana mtoto mwenye usonji anategemea mshahara wake na ukarimu wa skuli, na wengi wao ninaowajua wameishia kumrejesha mtoto na mama yake nyumbani, baba akabaki peke yake katika chumba cha Ruwi.

Sasa lililonifanya niandike. Juni 2025 Oman ilitoa sheria ya dhariba ya mapato ya mtu binafsi, ya kwanza katika Ghuba, kwa amri ya kifalme namba 56/2025. Itaanza Januari 2028. Kiwango ni asilimia 5 juu ya mapato yanayopita rial 42,000 kwa mwaka, yaani 3,500 kwa mwezi, na mamlaka ya dhariba imesema karibu asilimia 99 ya watu haitowagusa. Wengi tuliposikia hivyo tulifunga ukurasa. Lakini sheria hiyo imeahidi makato kwa mambo ya kijamii: elimu, matibabu, zaka, sadaka, nyumba ya kuishi na mengineyo. Neno "elimu" limo. Suala ni litasomwaje.

Likisomwa kama ada iliyolipwa kwa skuli yenye leseni na basi, tutakuwa tumeujenga mlango ule ule wa Uingereza kwa udongo wetu. Mzazi wa watoto wanne wenye afya katika skuli ya gharama atakata ada zote nne. Mzazi wa mtoto mmoja anayemlipa msaidizi wa darasani kwa mkataba wake mwenyewe, na mtaalamu wa kusema katika kliniki, atakata kidogo kuliko yule, ilhali anatoa zaidi. Likisomwa kama gharama ya kumsomesha mtoto kwa mujibu wa ripoti ya mtaalamu aliyesajiliwa, hesabu inakaa sawa. Na ripoti hiyo itolewe kwa muda unaojulikana, na muda ukipita mzazi asiadhibiwe kwa hilo.

Watakaoguswa ni wachache leo. Lakini kizingiti cha dhariba kinaweza kuteremshwa, na namna neno linavyofafanuliwa mwaka wa kwanza ndivyo maofisa watakavyolifafanua miaka ishirini baadaye. Wenzetu walioko kwenye vyumba vya biashara, Majlis Ash-Shura na jumuiya za watu wenye ulemavu wanaweza kuliuliza hili sasa, wakati kuuliza hakugharimu kitu.

Kwa wazee wenyewe, nina la kazi. Anzeni kuweka karatasi mwaka huu, msingoje 2028. Mwambieni mhasibu wa skuli aandike msaada wa mtoto kwenye bili, kwa jina lake, asiuchanganye na "mengineyo". Msaidizi wa darasani apewe mkataba na alipwe kwa benki, si kwa bahasha. Ripoti ya vipimo iwe na tarehe, mhuri na namba ya usajili ya aliyeitoa. Na mwenye mjukuu Uingereza ambaye halmashauri imepitisha wiki 20, aandike barua ya malalamiko yenye tarehe, hata kama anajua hawatojibu.